Kanzu, Si Sanda

Baba hakuacha picha. Hakupenda kupigwa picha, na mimi nisingethubutu kuchora uso ambao mwenyewe alikataa uchukuliwe. Alichoacha ni kanzu nyeupe kwenye msumari wa chumba cha mbele, hapo hapo alipoitundika aliporudi msikitini Ijumaa yake ya mwisho. Hitima ya arobaini ikishasomwa ingetolewa sadaka pamoja na nguo zake nyingine, kama ilivyo ada. Nikataka kuichora kabla haijatoka nyumbani, ili mama abaki na kitu cha kutazama.

Miaka ile ya hamsini kazi yangu ilikuwa kupaka milango na kuandika vibao vya maduka mjini Unguja. Skuli niliishia darasa la sita. Rangi nilizijua za mkebeni: nyekundu ni nyekundu, nyeupe ni nyeupe. Nikanunua karatasi na kisanduku cha rangi za maji. Mikunjo ya kanzu niliitia rangi ya majivu, na penye weupe nikaiacha karatasi ilivyo. Dada yangu aliniuliza, kwa kejeli zake, kama nimechora chandarua. Nikampelekea mama, aliyekuwa amekaa eda chumba cha ndani. Aliitazama kidogo, akaigeuza kifudifudi juu ya mkeka.

"Mwanangu, sanda nshaiona moja mwaka huu. Hii iondoe."

Niliichukua, kwa sababu alisema kweli. Nilichochora kilikuwa sanda.

Asubuhi yake nilikumbuka kwamba sandukuni kulibaki kipande cha bafta, masalio ya ile aliyozikiwa baba. Nilikitoa nikakitundika kando ya kanzu, nijue tofauti iko wapi. Nilidhani nitaona weupe wa aina moja. Kumbe bafta ilikuwa na unjano, kama tui lililolala. Na kanzu, pembeni yake, ilikuwa buluu.

Buluu kweli. Tangu aolewe mama alikuwa akiisuuza kanzu ya mumewe kwa maji yenye buluu ya kufulia, aliyoifunga kitambaani, kisha huinyanyua uani aitazame kama imekubali. Sanda haitiwi buluu. Sanda haijapata kufuliwa na mtu.

Nilipouona weupe huo mmoja, na mwingine ukajitokeza. Bega lililoelekea dirishani lilikuwa la baridi, limechukua rangi ya mbingu. Pindo la chini lilikuwa la moto, waridi kidogo, kwa kuwa sakafu yetu ya saruji ilikuwa nyekundu na jua la alasiri liliurusha wekundu wake juu ya nguo. Ndani ya mkono mmekaa zambarau. Kwapani pana kahawia hafifu, jasho lake ambalo sabuni haikuliweza. Weupe mtupu niliupata pahala pamoja tu, shingoni penye darizi, hauzidi ukucha.

Rangi ya majivu sikuigusa tena. Kila alasiri mwanga ukirudi, nami hurudi. Niliharibu karatasi nyingi. Moto ukizidi, kanzu huwa ya mtu mchafu. Baridi ikizidi, baba hufa tena. Lakini nilikuwa na furaha, na sioni haya kuisema, ingawa nyumba ilikuwa ya msiba. Mkunjo wa kiwiko nilipouelewa, nilijua ni kwa sababu alipenda kukaa kaegemeza mkono dirishani.

Siku moja kabla ya hitima niliiegemeza picha ukutani mbele ya mama. Aliitazama mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akamwita dada.

"Naam," dada akaitika, akaja mbio.

"Nani kaitundika kanzu ya baba yenu bila ya kuipiga pasi?"

Dada alinitazama mimi, akaitazama picha, kejeli zote zikamwisha. Mama akanyoosha mkono ainyooshe pindo, vidole vikakuta karatasi. Akacheka. Ndicho kicheko chake cha kwanza tangu tumzike baba.

"Hii iacheni hapa," alisema. "Ile nyingine mkaitoe sadaka."

Nikatoka uani, nikasimama juani kifua mbele, kama nahodha aliyeshinda resi za ngalawa.