Viatu vya Kushoto

Fundi viatu alikuwa akimtania hata muuguzi mwenye sindano mkononi. Lakini tangu akatwe mguu wa kulia kwa sababu ya kisukari, amegeukia ukutani, chakula hagusi. Daktari anasema kidonda kinapona vizuri. Kidonda! Nani aliuliza habari za kidonda?

Mkewe akamletea viatu vya wateja pale kitandani, pamoja na sindano na uzi, labda kazi ingemrudishia moyo. Akashona kutwa nzima. Mkewe akamshukuru Mungu, mpaka alipovikusanya jioni: vya kushoto vyote vimeshonwa, vya kulia havijaguswa.

“Baba watoto, na hivi vingine?”

Akakiokota kimoja cha kulia, akakigeuzageuza.

“Vya nini hivyo, mke wangu?”

Wala hakuwa anatania.