Damu Aliyoninyima Shemeji

Nilikuwa sokoni Busia nikipanga samaki wakavu Maloba alipofika na baiskeli yake. "Shemeji," alisema, "Nasirumbi ametutoka." Nasirumbi, mkewe, alikuwa dada yangu, mfinyanzi wa Buteba, ambaye vyungu vyake vilinunuliwa hadi Tororo.

Mwaka huo wa 1964 alikuwa amejifungua hospitalini, akatokwa na damu nyingi. Kwenye kitanda cha jirani alilala Norah, naye akivuja damu vilevile. Mume wa Norah alitoa chupa moja ya damu, na asubuhi Norah akaomba uji.

Damu ya Maloba pia ilipimwa ikafaa, lakini alikataa. "Nikimpa damu yangu atakuwa dada yangu. Nitalala naye vipi?"

"We bwana, damu haina ukoo!" nesi alimfokea.

Maloba akaenda kuwatafuta kaka zetu ng'ambo ya mpaka, watoe damu wao. Walifika wakamkuta Nasirumbi amefunikwa shuka.

Mungu anisamehe, namwonea Norah wivu hata kwa uji ule.

Tulimzika Jumamosi. Katekista aliomba, tukaimba. Norah alikuja kwa miguu yake, akatupa udongo kaburini. Nami nikatupa wangu, nikambeba mtoto wa dada, tukarudi nyumbani.