Siku Gari Langu Lilipopanda Kilima cha Bweranyange Mabegani

Mkitaka kucheka, chekeni mapema mmalize, kwa sababu mimi mwenyewe nikifika katikati ya mkasa huu huwa sicheki tena, na si kwa aibu tu. Aibu ipo, tena ya kutosha: mimi, mnunuzi wa kahawa pale Ihanda, mtu wa kofia na soksi ndefu, niliingia ukweni kwa dada yangu nikiwa nimeshika usukani wa gari lililobebwa na watu. Ndiyo, mmesikia vizuri.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, kahawa ina bei nzuri, na mimi nilikuwa nimenunua gari dogo jeusi lililokwishatumika, zuri kabisa ila mkia wake ulikuwa juu, maana mwenyewe wa kwanza alikuwa akibebea magunia na akaliwekea springi ngumu. Sikuona ubaya wowote mpaka nilipokwenda Bukoba nikaliona gari la tajiri mmoja limeegeshwa mbele ya duka, nyuma limeinama, limetulia kama kuku aliyepata mahali pa kutagia. Nilisimama pale nikasahau hata nilichotumwa. Nikauliza, nikaambiwa ni springi tu, kuna fundi anazo, nyembamba na zilizonyooka zaidi kuliko zile gari linazokuja nazo, na kuzifunga ni kazi ya mchana mmoja.

Sababu nilikuwa nayo, tena ya heshima (mtu mwenye tamaa hakosi sababu). Dada yangu Kokugonza alikuwa anaolewa Bweranyange, na kwa desturi ya ukoo wetu bibi harusi akishanyanyuliwa mlangoni kwa baba yake hakanyagi ardhi tena mpaka uani kwa mumewe. Akikanyaga njiani safari imevunjika, anarudishwa nyumbani na siku inapangwa upya, na maneno yatakayosemwa hapo katikati hayana mwisho. Miaka yote walibebwa kwa machela. Mimi nikamwambia shangazi, dada wa baba yetu, ambaye ndiye aliyeshika mambo yote ya kumtoa Koku, kwamba mambo ya machela yamepitwa na wakati, Koku atakwenda kwa gari laini lisilomtikisa, na nitalishusha nyuma ili atoke mikononi mwetu aketi kitini bila hata kuinua mguu. Nikatuma na ujumbe kwa wakwe wasihangaike na miti ya machela wala wabebaji. Hilo la ujumbe ndilo linaloniuma mpaka leo.

Fundi alifunga springi zake, akanionya kwamba ni laini, nisilipakie sana. Nikaitikia huku najitazama kwenye kioo cha gari. Shangazi naye alilizunguka polepole, akasema, "Mwanangu, mbona limekaa chini kabla ya kuchoka?"

Nilicheka peke yangu.

Siku yenyewe kanisani tulimaliza vizuri, bwana harusi akatangulia kwao kutungojea, tukarudi nyumbani tukala, na jua lilipoanza kupoa tukamtoa Koku, amefunikwa shuka jeupe kichwa mpaka miguu, akateleza kitini kama nilivyoahidi. Watu wakapiga vigelegele na mimi nikavipokea kana kwamba ni vyangu. Sasa kosa likaanza kuzaa. Majirani walianza kuleta vya kumsindikizia, na mnajua kwetu zawadi ya bibi harusi hairudishwi, ukiikataa umemtukana aliyeileta. Vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, vikaingia nyuma. Mikungu ya ndizi ikaingia. Sanduku lake la bati likaingia, na gunia la maharage, na kwa kuwa gari liko chini hata vikongwe waliona raha kuweka vitu vyao wenyewe bila kumwomba mtu. Shangazi, ambaye si mwembamba, akaketi nyuma pamoja na Koku, na binamu yangu wa Kanoni akaketi mbele na mbuzi miguuni. Nililitazama gari kwa nje nikaona tairi za nyuma zimeingia ndani ya madigadi kama zinajificha. Nikasema moyoni, litajinyanyua likianza kwenda.

Halikujinyanyua. Kila shimo lilipigia chuma kwenye chuma, harufu ya mpira unaoungua ikatufuata, na kabla hatujafika mbali ekzosi iling'oka tukaanza kunguruma mpaka watu wakatoka migombani kutazama. Shangazi alikuwa kimya, na ukimya wa shangazi yangu mtu huusikia hata kwenye makelele hayo. Basi tulipofika chini ya kilima cha kuingilia Bweranyange, pale malori ya kahawa yalikuwa yamechimba barabara pande zote mbili na kuacha tuta katikati, gari likapanda kidogo, likakwaruza, likalalia tumbo juu ya tuta. Nikatia moto. Tairi za nyuma zikazunguka bure.

Tukashuka, tukashusha mbuzi, vibuyu, kila kitu, tukasukuma. Wapi. Juu ya kilima tuliona moshi wa kwa wakwe, na jua lilikuwa limeshuka kabisa. Jambo lingine la desturi ni kwamba bibi harusi haingizwi kwa mumewe gizani. Koku akasema chini ya shuka, sauti ndogo, "Kaka, nikishuka litatoka?"

Nilijua litatoka. Shangazi akanitazama machoni, akamjibu yeye badala yangu. "Ukishuka hapa, mama, mimi na wewe tunarudi Ihanda."

Nikasikia Koku analia. Hapo, ndugu zangu, nililichukia gari lile na nikajichukia mimi zaidi.

Wakwe walikuwa wamesikia mngurumo, kisha wakasikia umenyamaza, wakateremka kuja kutazama, wanaume kundi zima, mbele yao baba mkwe wa Koku, mzee mfupi mwenye koti refu. Nikampa shikamoo nikiwa na matope hadi magotini. Akaitikia kwa upole, akachungulia ndani, akauliza kama bibi harusi ana shida yoyote. Nikasema hana. Akauliza gari lina shida gani. Nikasema limekaa chini nyuma.

"Basi nyuma tutabeba sisi," akasema. "Wewe rudi kitini uelekeze mbele."

Nilidhani ananisuta, kumbe wenzake walikuwa wameshaleta miti. Miti ya machela. Walikuwa wameitayarisha ile ile niliyowakataza, wakaileta kwa sababu (mzee alinieleza baadaye bila kejeli) hawakuwahi kumpokea mke bila miti kuwa karibu. Wakachimba tuta kidogo kwa jembe, wakapitisha miti chini ya mkia wa gari, wakafunga kamba mbele ya kuvutia, wakainama.

Mmoja akaanzisha wimbo. Wengine wakamwitikia, na kwenye neno la mwisho nikahisi kiti kinapanda. Sijawahi kuhisi kitu kama kile, wala kabla wala baada. Injini imezimwa, hakuna sauti ila wimbo na pumzi na miguu inayokanyaga kwa pamoja, na gari lile lote linakwenda, halitikisiki, limetulia kuliko nilivyowahi kuliendesha mimi. Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili kama mtoto. Nikaona bonde linateremka upande wangu, migomba inaingia kivulini, jua limebaki juu ya vilima vya mbali, na mwili ukanisisimka, machozi yakanitoka, sikuyafuta. Nyuma yangu Koku alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anacheka.

"Kaka," akasema, "ulisema kweli, gari hili ni laini."

Tuliingia uani jua bado lipo. Wanawake waliotoka na vigelegele walipoona kinachokuja walikaa chini kwa kicheko, ndipo wakapiga vigelegele ambavyo nina hakika vilisikika Ihanda. Gari likawekwa chini taratibu, mume akafungua mlango, akamtoa mkewe bila kumwinua wala kumshusha. Hapo ndipo springi zangu zilipofanya kazi niliyozinunulia.

Kesho yake wakati wa kuondoka, mzee aliifunga ile miti miwili juu ya paa la gari langu kwa mkono wake mwenyewe. Akasema nina safari ya kurudi na vilima vipo. Hakutabasamu hata kidogo.

Springi nilizitoa, na nimeapa sitashusha tena chochote nilichokikuta juu. Miti niliiweka nyuma ya nyumba. Miaka michache baadaye mdogo wetu wa mwisho alipoolewa, watu wakaja kuniomba gari. Nikawaambia limepumzika. Nikaenda nyuma ya nyumba nikaitoa miti, nikaweka bega langu kwenye ncha ya mbele, na tulipofika nusu ya kilima cha kwanza, mtu akaniuliza mbona siitikii wimbo. Sikuwa na pumzi ya kumjibu.