Mjukuu Mwenye Adabu Kupita Kiasi

Juzi nilikuwa kwa fundi cherehani wa mtaa wa Bellevue, bibi mmoja mjane, nikisubiri suruali yangu huku nikisoma riwaya ya Kiingereza, ambamo kijana anajifanya mrithi aliyepotea ili atwae shamba la watu. Mara akaingia kijana wa kweli. Akajitambulisha kuwa ndiye mjukuu ambaye bibi alimlea kisha akamwacha Tanga, naye amekuja kudai urithi wa babu yake, yaani duka lile. Majina ya watu wa ukoo aliyataja yote, wazima na marehemu, bila kukwama.

Bibi akamkagua kuanzia viatuni. "Karibu, mume wangu! Eish, umekuja kunioa mikono mitupu? Hata soda?"

Kijana akainama, mkono kifuani. "Shikamoo, bibi. Nisamehe, mimi ni mjukuu wako, siwezi kukuoa."

"Marahaba, baba," bibi akajibu, akiuelekeza mkasi mlangoni. "Mjukuu wangu angesema hanitaki kwa kuwa sina meno. Nenda salama."

Majina ya ukoo hukaririwa kwa wiki moja. Kumtania bibi huchukua utoto mzima. Hata hivyo, kwa haki niseme: sijapata kuona tapeli aliyelelewa vizuri namna ile.