Hizo Ni Dawa Zinaongea

Mtaa mzima ulimwita Mzee Sponji, hata mkewe akikasirika. Alikuwa fundi wa makochi. Yeye alikuwa ananyoosha kitambaa na kugonga misumari, mimi, fundi wake wa cherehani, nashona foronya na kutia zipu. Asiyeijua kazi ile hudhani ni ya kukaa. Thubutu! Makochi hubebwa, na ngazi za watu hazina huruma. Siku moja kochi la watu watatu lilimponyoka mwenzake ghorofani, likamwangukia yeye kiunoni, na tangu hapo mgongo wake ukawa adui yake. Mtu aliyewatengenezea wenzake mahali pa kukaa, mwenyewe akawa anakula chakula amesimama, sahani kaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Alichuliwa, akafungwa mikanda, akachomwa sindano. Mwishowe daktari akamwandikia vidonge vikali, vile ambavyo duka la dawa halikupi bila karatasi yenye muhuri. Akamwonya: asubuhi kimoja, jioni kimoja, usiongeze, na usije ukaacha ghafla bila kuniona. Mzee akavitia mfukoni, akawa anatembea navyo tu bila kuvigusa.

"Dada," akaniuliza, "nikianza hivi si nitakuwa teja?"

"Teja anatafuta raha, mzee. Wewe unatafuta kukaa tu."

Akaanza. Sitii chumvi: mtu wetu alirudi. Ndiyo, mchana alisinzia, na tumbo lilimfunga mpaka akawa anatania kwamba choo kimemsusa. Lakini alikaa. Alipiga mluzi. Akamwita binti yake, kitinda mimba, ambaye kwa miaka alikuwa akigonga misumari pamoja naye, akamwambia mbele yetu sote, "Karakana hii nakuachia wewe."

Kifungua mimba, mwanawe wa kiume, alikuwepo. Huyo anauza simu, na chumba chetu cha karakana, kinachotazama barabara, alikuwa amekimezea mate siku nyingi. Hakubisha. Angebisha ningemheshimu. Alitabasamu, akamgeukia mama yake na kusema kwa sauti ya upole, "Msimtilie maanani. Hizo ni dawa zinaongea."

Maneno hayo yakaenea nyumbani kama harufu ya gundi. Mzee akicheka, ni dawa. Akifoka, dawa zimemwishia mwilini. Akinyamaza, kalewa. Mkewe, ambaye si mtu mbaya, akawa anamchungulia machoni kila asubuhi kama anayekagua samaki sokoni. Kisha ikatokea ile ya ndege. Mzee alivalisha kochi kitambaa chenye picha za ndege, akakigeuza bila kujua, ndege wote wakawa vichwa chini, miguu juu. Mteja mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta. Kifungua mimba hakucheka. Alipiga picha, akawatumia watu wa ukoo mzima. Mimi nimewahi kushona zipu upande wa mbele wa kochi, na sikuwa nimemeza hata kidonge cha mafua. Nani alinipiga picha?

Kikao cha familia kikaitwa Jumapili, pale pale karakanani, kuamua nani aikamate. Katikati ya wiki Mzee akaniambia ameacha vidonge.

"Daktari alikukataza!"

"Nataka wanisikilize mimi," akasema. "Nikiongea na kichwa kitupu, watakosa la kusingizia."

Binti yake alimbembeleza, akalia, akatishia kumpigia daktari. Mzee akamkatalia katakata.

Jumapili walikuja wote, wakajitupa kwenye makochi ya wateja. Mzee alisimama, kashikilia meza. Jasho lilimtiririka, kamasi zilimtoka, alipiga miayo na kutetemeka. Mdogo wake wa kiume, aliyeongoza kikao, alipompa nafasi ya kuongea, Mzee alisema, "Karakana ni ya..." kiuno kikamkata, akauma midomo. Akajaribu tena. Kilichotoka kilikuwa mguno. Niliona aibu machoni mwake.

"Mnajionea wenyewe," kifungua mimba akasema. "Hivi ndivyo zilivyomfanya. Baba yetu hayupo tena."

"Hajazimeza!" binti akapiga kelele. "Haya ni maumivu, na ni kuacha ghafla!"

"Ndiyo uteja wenyewe huo, mdogo wangu."

Nami nikafungua mdomo, nikaambiwa haya ni mambo ya familia, dada. Baba mdogo akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Wakubwa wakaamua. Chumba kikaenda kwa muuza simu, chai ikamiminwa.

Mke wa Mzee hakuweza kuvumilia kumtazama mumewe. Akatoa kidonge kwenye pochi, akamnywesha kwa chai ile ile. Watu walikuwa bado wanapiga soga za harusi na bei za viwanja mabega ya Mzee yalipoanza kushuka. Akavuta kiti. Akakaa.

Kisha akaongea. Sijawahi kumsikia mtu akipanga maneno vile. Alieleza nani aliijenga biashara na nani aliikimbia, kwa nini mkono wa binti yake unaaminika kuliko wake mwenyewe, wateja gani watahama na kwa sababu gani. Hakumtukana mtoto wake hata mara moja. Alisema anampenda, na hapo hapo akasema chumba hampi.

Vikombe vilikuwa vimeanza kukusanywa. Kifungua mimba, funguo za karakana mkononi, aliinama akamwekea baba yake kola ya shati vizuri.

"Pumzika, baba. Tumekusikia." Kisha akawageukia wakubwa na kutikisa kichwa kwa huzuni. "Hizo ni dawa zinaongea."

Nao wakaitikia kwa vichwa.

Sasa mimi na binti tunashonea kibarazani kwake. Mzee huja, hukaa, vidonge vyake huvimeza kama alivyoandikiwa, na mgongo umetulia. Ukimwuliza anaonaje, iwe juu ya kitambaa au juu ya mvua, hujibu, "Waulize wenye akili zao."