Fundi Mudathiru na Pasi ya Mji

Mimi nauza nyuzi, vifungo na zipu kwenye baraza ya fundi Mudathiru, hapa Majengo, Gisenyi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Ukitaka kumjua mtu, kaa naye baraza moja. Ni fundi mzuri wa makoti, wateja wanashuka kwake kutoka Bugeshi kule kwenye baridi, lakini ana ugonjwa mmoja: maswali. Ukimletea suruali aipunguze miguu, atakuuliza kwanza nani aliishona, kitambaa kilitoka wapi, na kwa nini mfuko wa nyuma ni mmoja. Mteja ana haraka, pikipiki inamngoja, yeye anauliza. Nikimkemea ananijibu, "We Kabatesi, asiyeuliza hanalo ajifunzalo." Methali hiyo nilimfundisha mimi mwenyewe, maana nimezaliwa Kigoma, na watu wa hapa wananicheka kwamba nasema Kiswahili cha redio.

Pamoja na maswali yote hayo, hajawahi kufika mbali. Goma, ng'ambo ya mpaka, anavuka kila wiki kununua vitambaa, Kigali amekwenda mara tano au sita, basi. Kwa hiyo binti yake Nziza alipomwambia mwaka huu kwamba amemlipia tiketi ya ndege aende Istambul siku sita, baraza zima tulisimama. Nziza ni mtoto wake wa pekee. Mama yake alifariki mapema, msichana akakulia chini ya meza ya kukatia nguo, akajua kutunga uzi kwenye sindano kabla ya kujua kusoma. Ana miaka tisa huko Uturuki, anashona mashati kwenye karakana, na hajarudi nyumbani hata mara moja. Nitakuja mwaka ujao, husema. Mudathiru, mtu wa maswali, hilo haulizi.

Nziza alimwambia kwamba yeye hupumzika Jumapili tu. Siku sita, Jumapili moja. Fundi akaizungushia duara ya chaki Jumapili hiyo kwenye kalenda ya ukutani, na kila aliyekuja kupimwa koti alionyeshwa.

Kisha picha zikaanza kuingia kwenye simu. Nziza alimtumia majengo ya kale ya mji ule ili achague anachotaka kuona. Jamani, kazi ikasimama. Kulikuwa na kuba moja kubwa ajabu, na chini yake hakuna nguzo ya katikati.

"Kabatesi, ona hii kofia," akaniita. "Kofia unashona vipande-vipande, vinakutana ku juu. Ya hii, mushono iko wapi? Na nani anaishika isianguke?"

Nikamwambia labda imeganda yenyewe. Hakucheka. Alihesabu madirisha yaliyozunguka ukingo wa kuba ile, akapata arobaini, akasafisha miwani, akahesabu tena.

Picha iliyomnyima usingizi kabisa ilikuwa ya birika la maji lililo chini ya ardhi, lina nguzo kama msitu, na chini ya nguzo mojawapo kuna kichwa cha mwanamke cha jiwe, kimewekwa utosi chini kidevu juu. Kwa nini? Wiki nzima tulibishana. Protais, dereva wa pikipiki anayeegesha mbele yetu, alisema huo ni uchawi. Mimi nilisema mjenzi alikuwa amelewa. Mudathiru alikitazama siku tatu, siku ya nne akapiga meza kwa rula.

"Ni kiraka!" akasema. "Fundi alikosa jiwe ya kuenea. Akaokota ya zamani, akaigeuza mupaka ikafika urefu. Hata mi nafanya hivyo na vipande. Maua inaangalia chini, lakini koti inafunga!"

Alifurahi mno. Akayaandika yote kwenye daftari la vipimo, kati ya kiuno cha mwalimu na mabega ya dereva wa lori, na kando yake akaandika: nikaguse, nione kama ni kweli.

Basi ikaja sauti ya Nziza. Simu ya fundi husema kwa spika, kwa kelele, sikio lake moja ni zito, kwa hiyo siri zake zote tunazisikia.

"Papa, kuna vitu viwili. Kuna pasi ya mji, unatembea nayo siku tatu, unaingia pahali pengi bila kungoja. Ao nikukatie tiketi moja-moja, ya pale unapotaka. Uchague, uniambie."

"Pasi?" nikadakia. "Unazo mbili za mkaa hapo, ya tatu ya nini?"

Tukacheka, lakini yeye alikuwa ameshafikiri. "Hapana. Anasema lesepase."

Hapo ndipo tulipopotea sote. Sisi watu wa mpakani tunajua karatasi mbili. Kuna jeto, kikaratasi cha siku: unapanga foleni kwenye kizuizi cha mpaka, bariyeri, unaulizwa unakwenda wapi, kwa nani, unarudi saa ngapi. Na kuna lesepase, ya muda mrefu: unaionyesha, unapita. Mwenye jeto anasogea ameinamisha kichwa, mwenye lesepase anatembea kifua mbele. Tiketi moja-moja tukaona ndiyo jeto, na pasi ya mji, kama jina lake, ndiyo lesepase ya kutembelea mji.

"Mi nataka pahali pawili tu," Mudathiru akasema taratibu. "Ile kofia, na kile kichwa. Tiketi mbili zinatosha, hapana?"

"Ayi we, muzee!" Protais akaruka. "Paspoti ni ya kuingia mu nchi. Pasi ni ya kuingia mu mji. Donc, kwa hiyo ukikosa pasi, polisi wanakukuta mu njia, wanakurudisha."

"Hata kama mutoto yangu anaishi pale?"

"Hata!"

Na mimi, kimbelembele changu, nikaongeza kuni. "Chukua pasi, Papa Nziza! Na miguu hiyo utapanga foleni kila mlango? Mtu mzima haendi ugenini na jeto!"

Mdomo huponza kichwa, ila siku hiyo wangu ulikiponza kichwa cha mwenzangu. Akambonyezea Nziza sauti: "Mama, nataka pasi. Siwezi kutembea mu mji ya watu bila karatasi."

Jibu lilikuja baada ya adhuhuri, fundi ametoka msikitini.

"Sawa, Papa, nitanunua pasi. Basi ile Jumapili mi nitaenda ku kazi, wanatulipa vizuri. We utatembea na pasi yako, tutaonana mangaribi."

Aliisikiliza mara tatu. Akachukua mkasi, akarudi kwenye koti la mwalimu wa Mahoko, na baada ya muda nikaona ameweka mezani mikono miwili ya kushoto. Miaka kumi na tisa sijapata kumwona akikosea hivyo.

"Papa Nziza, umekata nini?"

Akatazama. "Miaka tisa, Kabatesi," akasema. "Jumapili moja, anaenda ku kazi."

Hasira zikanipanda hadi utosini. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nikainyakua simu yake. "Nziza! Ni mimi Kabatesi! Ndivyo ulivyofunzwa? Baba yako anavuka bahari kuja kukuona, wewe unamwachia karatasi akatembee peke yake kama yatima? Huna haya?"

Nikabonyeza, ikaenda. Protais akaniambia nimezidisha, nikamwambia akaangalie pikipiki yake.

Nziza alijibu kwa upole, na upole wake ukanimaliza. "Tanti, usikasirike. Ni Papa alisema anataka pasi. Pasi ni ya majumba ya zamani tu, makumusho na vitu kama hivyo. Unalipa mara moja, unaingia mengi. Mutu wa pahali pawili tiketi zinamutosha. Mi nilizani anataka kuzunguka sana."

Tukatazamana. Majumba ya zamani tu! Hakuna polisi, hakuna bariyeri, mtu anatembea mjini bure kama anavyotembea hapa ufukweni. Protais akavaa kofia yake ya pikipiki ingawa hakuwa na abiria. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, kisha nikaanza kucheka, na fundi naye akacheka, akafuta macho kwa kipande cha bitana.

"Mpigie," nikamwambia. "Mwambie ukweli, mlimalize. Atacheka mpaka Uturuki wasikie."

Akapiga. Nziza alikuwa kwenye mapumziko ya chakula, nyuma yake mashine zimenyamaza.

"Nziza, mama, unisamehe," Mudathiru akaanza, bado anacheka. "Sisi wajinga hapa, tulizani pasi ni lesepase. Mi nilizani bila ile karatasi polisi watanikamata mu njia! Donc, acha pasi. Ukate tiketi mbili za kile kichwa, yako na yangu. Jumapili twende wote."

Tukangoja acheke. Hakucheka. Nilidhani mtandao umekatika.

"Nziza? Unanisikia?"

"Papa," akasema, sauti imeshuka. "Si wewe. Ni mimi wanaweza kunikamata mu njia."

Akaeleza kidogo kidogo. Kibali chake cha kukaa kiliisha miaka minane iliyopita, akaomba kingine, hakupata. Anatoka chumbani kwenda karakana, kutoka karakana kwenda chumbani, kwa njia za nyuma. Zile picha alizituma kutoka mtandaoni. Hajawahi kuingia hata jengo moja, maana ameambiwa kule wanakojaa wageni ndiko polisi wanakouliza watu karatasi.

"Uliposema unataka pasi nilifurahi," akasema. "Nikajua utatembea mwenyewe, utaona vitu vizuri, hutajua."

Hiyo ndiyo maana ya ile nitakuja mwaka ujao, miaka yote hiyo. Akitoka, harudi tena kwenye kazi inayolipa kodi ya nyumba ya baba yake. Mimi niliyemwita hana haya nilikaa pale na vifungo vyangu mapajani, nimejaa aibu na huruma, sijui niweke wapi macho. Protais alikuwa amevua kofia yake.

Mudathiru hakuuliza kibali kilikwama wapi, wala nani alimwambia nini. Aliinua simu, akaizima ile spika, kisha akakumbuka sikio lake, akaiwasha tena.

"Nziza."

"Karame, Papa," akaitikia.

"Usinunue pasi. Usinunue tiketi hata moja."

"Papa, hapana! Unatoka mbali, na unapenda sana vitu vya zamani. Nenda na tiketi yako, saa mbili tu, mi nitakungoja. Ukirudi bila kuona kitu, Majengo watasema nini?"

"Jumapili hauendi ku kazi?"

"Siendi."

"Chumba yako iko na dirisha?"

"Iko, moja. Lakini hakuna kitu ya kuona, Papa. Inaangalia ukuta ya jirani."

Akafikiri. Hata hapo hakuweza kujizuia, mtu yule.

"Ile ukuta ni ya zamani?"

"Hapana," Nziza akasema, analia na kucheka pamoja. "Waliijenga juzi tu."

"Hakuna neno," akasema Mudathiru. "Tutaiangalia."