Vichupa Nilivyovifunga kwa Mkono Wangu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilifanya kazi katika ghala la mizigo pale uwanja wa ndege, kazi ya kupokea na kufunga. Tulikaa Chaani, mtaa wa jirani, mimi, mume wangu na watoto. Kazi niliipenda, isipokuwa siku za mizigo ya hatari. Tindikali, rangi, spiriti, vyote vilikuwa na masharti mazito, na vingine havikuruhusiwa kabisa kupanda ndege ya abiria. Lakini kitu kikiwa kidogo mno, vijiko viwili vitatu ndani ya kichupa, masharti yalilegezwa. Ilitosha kukifunga vizuri, tabaka juu ya tabaka, na kukibandika kibandiko chenye mistari myekundu pembeni. Baada ya hapo kilisafiri pamoja na masanduku ya watu.

Kulegezwa huko hakukuwahi kunipa raha.

Asubuhi moja bibi mmoja wa maabara alileta vichupa vya dawa ya kupimia udongo, vinakwenda Nairobi. Dawa ilikuwa nyeupe kama maji ya kunywa, lakini cheche moja tu ingetosha kuiwasha. Vifuniko alikuwa amevikaza mwenyewe. Nikavizungushia utepe, nikavitia katika mifuko, nikavizungushia pamba ya kunyonya, nikavipanga ndani ya boksi gumu. Nikabandika, nikaliweka kwenye mizigo ya ndege ya mchana.

Kabla ya adhuhuri nikamwona mume wangu mlangoni, kanzu imepigwa pasi, mkoba mkononi. Alikuwa aende Nairobi kupasuliwa jicho, na tulijua ataondoka kwa ndege ya jioni.

"Nimepata nafasi ya mchana," akasema. "Nimekuja kukuaga."

Hakuwahi kupanda ndege maishani mwake, na hiyo aliyokuwa anaipanda ndiyo yenye boksi langu. Nikamweleza palepale. Akanitazama kwa lile jicho lake zima.

"Ni nani aliyelifunga?"

"Ndimi."

"Basi mimi napanda."

Laiti angekasirika! Nikamwacha kwenye benchi, nikamwendea msimamizi wetu, mzee mmoja mkali lakini mwenye heshima zake.

"Shikamoo, mzee. Naomba nilifungue lile boksi la maabara."

"Marahaba. Una nini, binti yangu? Limekwisha kaguliwa. Na ni dawa kidogo tu, ndiyo maana sheria imelegezwa."

"Mume wangu anapanda ndege hiyo, mzee."

Akatazama saa ya ukutani. "Lifungue. Lakini ndege haikungoji."

Nikachukua mkasi, nikalikata boksi. Kichupa cha kwanza kikavu. Cha pili kikavu. Cha tatu, nilipofungua mfuko, harufu kali ikanipiga puani. Kifuniko kilikaa upande. Dawa ilikuwa imevuja, na pamba imeinyonya yote; haikutoka nje ya mfuko hata tone. Msimamizi alisogea akaangalia.

"Unaona? Pamba imefanya kazi yake," akasema, ila sauti yake ilikuwa imeshuka.

Kile kilichovuja tukakiondoa. Vilivyobaki nikavikaza kimoja kimoja hadi vidole vikaniuma, nikavifunga upya. Vijana wa mkokoteni walikuwa wanapiga kelele nje, "Mama, tunachelewa!" Nikawapa boksi, na mara lilipotoka mikononi mwangu nikajiuliza kama kichupa cha mwisho nilikikaza sawasawa au nilidhani tu.

Ndege iliporuka nilikuwa nimesimama uani, nikisoma kila dua niliyoijua. Haikuonekana tena, nami bado nimeinua kichwa. Kisha nikaketi kando ya simu ya ofisi. Ilikuwa ikilia, ni wateja. Kila ikilia naidaka mimi. Msimamizi akaniletea chai. Ikapoa pale pale mezani.

Hatimaye ikalia tena, na nikasikia sauti ya mume wangu, kelele za watu nyuma yake.

"Tumefika salama. Masikio yameziba, lakini nimepewa soda."

"Alhamdulillahi," nikasema. Nililia mbele ya wateja bila haya.

Jicho lake lilipona, wallahi, akawa anasoma gazeti hadi usiku. Nami nilibaki ghalani miaka kadhaa. Bibi wa maabara alipoleta vichupa tena, nilimwambia, "Nipe, dada, vifuniko nitavikaza mimi." Hakuniuliza kwa nini, na sikumweleza.